Rehani na Mama wa Mfangano

Historia tusomayo shuleni aghalabu huanza na wafalme, vita na mikataba. Lakini iko historia nyingine iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni ile ya mlango, ukuta na paa. Kila nyumba ina habari yake: nani aliijenga, kwa fedha za nani, na jina la nani limeandikwa katika hati ya kiwanja chake. Katika insha hii nataka tuichunguze habari hiyo kwa kumfuata mtu mmoja ambaye si mfalme wala jemadari, bali ni mama aleaye watoto wake peke yake katika kisiwa cha Mfangano.

Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Msafiri huondoka Mbita kwa mashua, na mbele yake huuona mlima Kwitutu umesimama katikati ya maji. Wenyeji ni Abasuba. Masimulizi ya wazee wao husema kwamba wahenga walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Siku hizi wengi wao husema Kijaluo. Riziki ya kisiwa ni samaki, hasa dagaa waitwao omena, pamoja na mashamba madogo ya miteremkoni.

Tuseme, basi, kwamba yuko mama mmoja kisiwani humo. Ni mtu wa mfano tu, lakini ni mfano wa wengi. Mumewe amefariki. Ana watoto watatu. Hununua omena ufuoni, huwaanika, kisha huwauza. Nyumba yake ni ya udongo, na paa lake huvuja kila masika. Anatamani nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, naye amesikia kwamba watu hukopa fedha za kujengea. Anavuka maji, anakwenda kwa mkopeshaji. Mkopeshaji anamkaribisha kwa adabu, kisha anamwuliza maswali mawili: Hati ya ardhi iko wapi? Na mshahara wako ni kiasi gani kwa mwezi?

Mama hana jibu la swali la kwanza wala la pili. Je, ni kwa sababu ya umaskini tu? La, hasha. Maswali yale mawili yana asili yake, na asili hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa.

Kwanza tujue rehani ni nini. Mtu akopaye fedha huweka mali yake mikononi mwa sheria kuwa dhamana. Akilipa, mali hubaki yake. Asipolipa, mdai anaweza kuiuza ili ajilipe. Jambo hili ni la kale sana katika nchi nyingi, na watu wa pwani yetu walilijua karne nyingi zilizopita, hata neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu. Lakini mkopo wa nyumba kwa mtu wa kipato kidogo ni jambo la juzi. Chama cha kwanza cha ujenzi kinachojulikana kilianzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1775, katika nyumba ya wageni ya mtu aliyeitwa Richard Ketley. Wanachama walikutana, wakachanga fedha kila mwezi, na fungu lilipotosha, mmoja wao alipewa ajenge. Waliendelea hivyo kwa zamu, na vyama vya namna hiyo vilivunjwa baada ya kila mwanachama kupata nyumba.

Msomaji, tafadhali likumbuke jambo hilo. Chanzo cha mkopo wa nyumba hakikuwa benki yenye nguzo za mawe. Chanzo chake kilikuwa watu wa kazi waliokaa mezani na kuaminiana. Tutalirudia baadaye.

Sasa turudi kwetu tuitazame hati. Zamani ardhi ya Mfangano, kama ya Wajaluo wa bara, haikuwa na karatasi. Mtu alikuwa na haki ya kulima kwa kuwa alizaliwa katika ukoo fulani, au kwa kuwa aliolewa ndani yake. Mjane hakufukuzwa. Kwa Kijaluo aliitwa *chi liel*, maana yake mke wa kaburi. Yaani mumewe alikuwa amelala chini, lakini yeye alihesabiwa bado kuwa mke wa nyumba ile. Alilima shamba la marehemu na kuwatunzia wanawe. Mpango huo ulikuwa na taabu zake, maana aghalabu mjane alitakiwa kurithiwa na ndugu wa mumewe, na haki yake ilipitia kwa wanaume siku zote: leo kwa mumewe, kesho kwa mwanawe. Hata hivyo alikuwa na mahali pa kusimama.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa mpango mkubwa wa kilimo, uliojulikana kwa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa Idara ya Kilimo. Mpango ule ulisema kwamba Mwafrika apimiwe ardhi na kupewa hati, ili aitunze vema na pia aweze kukopa kwa dhamana yake. Kumbuka kwamba huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na serikali ilitumaini pia kwamba mwenye hati atakuwa raia mtulivu. Mwaka 1963 ilitungwa sheria ya ardhi iliyoandikishwa, ambayo ilimfanya mtu aliyeandikwa daftarini kuwa mwenye mali kamili. Mwaka 1968 ikafuata sheria ya kuamua mipaka na haki za wenye mashamba. Wapimaji wakatembea na minyororo na vigingi, kijiji kwa kijiji.

Walipofika mbele ya boma waliuliza: Shamba hili ni la nani? Na jibu likawa karibu siku zote jina la mwanamume. Si kwamba mke alikuwa hayupo. Pengine ndiye aliyekuwa akipalilia wakati ule ule. Lakini daftari lilikuwa na mstari mmoja, na mstari ule ukajazwa jina la baba, au la kaka, au la mwana. Hivyo haki iliyokuwa imegawanyika kama mkeka wenye nyuzi nyingi ikakusanywa katika uzi mmoja.

Nguvu ya jina lililoandikwa ilionekana katika kesi moja ya Nyanza iliyoamuliwa mwaka 1972. Mjane mmoja alikuwa ameandikishwa kuwa mwenye shamba. Watoto wa mke mwenziwe wakadai kwamba kwa mila shamba lile ni lao. Mahakama ikasema kwamba daftari ndilo lenye neno la mwisho, na mjane akashinda. Kesi hiyo yatufunza mambo mawili. La kwanza, mwanamke mwenye jina katika hati alilindwa. La pili, ambalo ni chungu zaidi, wale maelfu ambao majina yao hayakuandikwa hawakuweza kulindwa kwa njia ile ile.

Je, hati zilileta mikopo kama ilivyoahidiwa? Kwa sehemu tu. Mwanazuoni Parker Shipton, aliyekaa miaka mingi akichunguza maisha ya Wajaluo, hasa huko Kanyamkago ambako leo ni Kaunti ya Migori, alitoa mwaka 2009 kitabu kizima juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba ardhi penye makaburi ya wahenga si bidhaa kama gunia la mahindi. Mdeni akishindwa kulipa, mkopeshaji huona shida kuliuza shamba lake, kwa kuwa majirani ni ndugu zake, na mnunuzi mgeni huogopa kulima karibu na makaburi ya wenyewe. Kwa hiyo mkopeshaji huikwepa dhamana ya namna hiyo, na mwenye hati hubaki nayo sandukuni.

Fikira hii ya makaburi ilisikika nchi nzima mwaka 1987. Wakili maarufu S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mbele ya mahakama palitofautishwa nyumba na maskani ya asili: mtu anaweza kuwa na nyumba mjini, wakasema, lakini maskani yake ni kule kwa baba zake. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo. Wajane wengi walijiuliza siku zile: ikiwa mke wa wakili, mwenye elimu na mali, hakusikilizwa, mke wa mvuvi atasikilizwa na nani?

Swali hilo lilikuwa la haraka kando ya ziwa, kwa maana katika miaka ya 1980 na 1990 ugonjwa wa Ukimwi uliacha wajane na mayatima wengi huko. Mama aliyebaki na watoto alikuwa katika shamba lenye jina la marehemu, au la baba mkwe aliyefariki zamani, na hakuna aliyekuwa amelibadilisha.

Tusije tukadhani kwamba ugumu huu ni wa Afrika peke yake. Nchini Marekani, hadi kupitishwa sheria ya mwaka 1974 iliyokataza ubaguzi katika mikopo kwa sababu ya jinsia au ndoa, mwanamke asiye na mume aliweza kuambiwa amlete mwanamume wa kumdhamini. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1975. Kwa hiyo nchi zilizoleta rehani kwetu zilikuwa zenyewe bado zinajifunza kwamba mwanamke ni mdeni halali kama mwanamume.

Kenya nayo ilitembea hatua kwa hatua. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ilimpa mjane mwenye watoto haki ya kukaa katika mali ya marehemu na kuitumia maishani mwake, ingawa kama ilivyotungwa haki hiyo ilikoma akiolewa tena, wala haimpi uhuru wote wa mwenye mali. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyokaa Eldoret iliamua katika kesi ya familia ya Rono kwamba mabinti na wana wote ni warithi, na kwamba kuolewa au kutoolewa kwa binti si sababu ya kumpunja. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ikaagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa jinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi. Sheria za ardhi za mwaka 2012 zikafuta ile ya 1963, zikasema kwamba nyumba ya wanandoa haiwezi kuwekwa rehani bila saini ya wote wawili.

Kwa hiyo leo mama wa Mfangano anaweza kulijibu swali la kwanza, lakini kwa jasho. Hana budi kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, kuleta cheti cha kifo na barua ya chifu, kuwataja warithi wote, kungoja, kisha kupeleka karatasi katika ofisi ya ardhi. Kila hatua ina nauli ya mashua na siku ya kazi iliyopotea. Sheria imemfungulia mlango. Ngazi ya kuufikia mlango ni yake mwenyewe kuipanda.

Tuje katika swali la pili, la mshahara. Mwaka 1965 serikali ya Kenya, pamoja na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, ilianzisha kampuni ya kutoa mikopo ya nyumba. Ilikuwa hatua ya maana kwa nchi changa. Lakini mkopo wa namna hii uliundwa kwa mtu apataye mshahara mwisho wa mwezi. Matokeo yake tunayaona hadi karne hii: katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya ilikuwa na watu 47,564,296, lakini mwisho wa mwaka 2022 mikopo ya nyumba katika mabenki yote haikufika 30,000.

Hebu tushike kalamu na karatasi. Mtu akikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15, atalipa kiasi cha shilingi 12,000 kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza shilingi 10,000 ni riba tupu, na 2,000 tu ndizo zipunguzazo deni. Mwisho wa miaka 15 atakuwa amelipa jumla ya shilingi 2,160,000. Nyumba ya milioni moja imekuwa ya milioni mbili na zaidi. Wenye mishahara miwili nyumbani wanaugawa mzigo huo: huyu atoe 6,000 na yule 6,000. Mzazi aliye peke yake anaubeba wote, na kutoka katika pato lile lile hutoka chakula, karo na dawa. Akiugua yeye, hakuna mwingine wa kulipa.

Sasa tuutazame uvuvi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitawala, taa hazivuti samaki, na mitumbwi hukaa ufuoni. Zaidi ya hayo, katika maji ya Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili samaki wazaliane. Basi riziki ya mama huyu hufuata mwezi wa angani, na deni hufuata mwezi wa kalenda. Ili alipe 144,000 kwa mwaka kutokana na omena ya miezi minane, itampasa kuweka kando shilingi 18,000 kila mwezi wa uvuvi, wala si 12,000. Si kwamba hana pato, wala si kwamba hawezi kuhesabu. Ni kwamba kipimo kilitengenezwa kwa mtu wa namna nyingine.

Wenye mamlaka wameanza kuliona jambo hilo. Shirika liitwalo Kenya Mortgage Refinance Company liliundwa mwaka 2018, likapata leseni mwaka 2020. Kazi yake ni kuyakopesha mabenki na vyama vya akiba na mikopo, ili nayo yawakopeshe wananchi kwa muda mrefu na kwa riba nafuu. Lilipoanza, mikopo yake ya bei nafuu ililenga watu wenye pato lisilozidi shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwalimu au mwuguzi aleaye mtoto peke yake aweza kupata njia hapo, hasa kwa kupitia chama chake cha akiba. Mwuza omena yuko mbali kidogo na mlango huo.

Je, amekaa akilia? Hata kidogo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile meza ya Birmingham. Katika miaka ya 1960 wanawake wa sehemu za kati za Kenya waliunda vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walichanga, wakamwezekea mmoja nyumba yake kwa mabati, kisha wa pili, kisha wa tatu, hata nyasi zikatoweka katika mapaa yao. Hakuna aliyewaambia habari za Ketley. Akili ya shida ni moja popote. Mwaka 1981 wanawake wa Kenya walianzisha shirika lao la fedha, Kenya Women Finance Trust, la kuwakopesha wanawake wafanyao biashara ndogo. Na kutoka Niger, ambako ulianzishwa mwaka 1991, ulikuja mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa: fedha hukaa katika kisanduku chenye kufuli tatu, funguo huwekwa na watu watatu mbalimbali, na kisanduku hakifunguliwi ila mbele ya wote.

Vikundi vya namna hii vimeenea katika Afrika Mashariki, visiwani na bara. Humo haliulizwi swali la hati wala la mshahara. Huulizwa swali moja tu: Je, mwenzetu huja siku ya mkutano, na hutoa alichoahidi? Mama wa mfano wetu atakopa humo anunue mabati mwaka huu, saruji mwaka ujao, madirisha mwaka wa tatu. Nyumba yake itaota polepole kama mti. Haitakuwa na deni la miaka 15, lakini itachukua pengine miaka 15 kumalizika, na watoto watakuwa wamekua chini ya paa nusu. Kila njia ina gharama yake, nasi tusiisifu subira ya maskini hata tukasahau kwamba ni subira ya kulazimishwa.

Pia tusiitukuze rehani kupita kiasi. Mkopo ni kisu: hukata nyama, na hukata kidole. Sheria ya mwaka 2012 humlinda mdeni kwa kiasi: akishindwa kulipa, hana budi kupewa ilani ya miezi mitatu kwanza, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa mali yake. Lakini ilani humsaidia yule tu aisomaye na kuielewa. Mjane aliyeweka rehani shamba la pekee la watoto wake, akafa au akaugua, aweza kuwaachia watoto hao deni mahali pa urithi.

Basi, wasomaji wangu, historia hii yatupasa nini sisi tulio shuleni? Yatufunza kwamba maswali yale mawili ya mkopeshaji hayakushuka kutoka mbinguni. Yaliwekwa na watu, katika miaka tunayoweza kuitaja, kwa sababu tunazoweza kuzieleza. Na kwa kuwa yaliwekwa na watu, watu waweza kuyarekebisha. Wengine wenu mtakuwa mahakimu, wapimaji, makarani wa ardhi na mameneja wa benki. Siku mtakapokaa upande wa pili wa meza, mama atavuka maji na kuja mbele yenu na daftari la kikundi lenye alama za miaka kumi bila kukosa hata mwezi mmoja. Mkiliona daftari lile kuwa karatasi tupu, mtakuwa hamkujifunza historia. Na wengi zaidi mtarudi nyumbani likizo hii. Mwulizeni mama, kwa heshima na wakati wa faragha, shamba mnalolima limeandikwa jina la nani. Ikiwa ni jina la mtu aliyekufa, kazi ya kulibadilisha na ianze wakati wazee wanaokumbuka mipaka wangali hai. Daftari halina macho ya kumwona apaliliaye. Humjua tu yule aliyeandikwa.